Kabla hujampa simu, isikilize kwanza

Mdogo wangu wa Morogoro, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Binti ana miaka minne na nusu, shule yake ya awali inafundisha kwa Kiingereza, nyumbani mnaongea Kiswahili, na programu za kusomesha kwa sauti za herufi ni nyingi hadi umechanganyikiwa. Umeomba jina la moja tu. Majina nitakupa, lakini kwanza nataka ujue kuipima mwenyewe.

Mtoto akilala, fungua somo la kwanza usikilize herufi b. Ikisema "bii", hilo ni jina la herufi, na mtoto hawezi kusoma kwa majina. Atakapokutana na "baba" ataungaje "bii" na "ei"? Halafu sikiliza m. Inatakiwa iwe "mmm", midomo imefungwa, bila irabu nyuma yake. Kwetu hili ni kubwa, kwa sababu m husimama peke yake kama silabi: m-to-to, m-ka-te, m-bwa. Mtoto aliyezoeshwa kwamba m ni "ma" atasoma "matoto", na kosa si lake.

Kisha tafuta ng'ombe. Kweli, mtafute! Programu iliyotengenezwa kwa Kiingereza ikaja kutafsiriwa haraka itamvunja ng'ombe kuwa n, g, o, na kuendelea. Iliyotengenezwa na watu wanaoijua lugha itafundisha ng' kama sauti moja, vivyo hivyo ch, sh na ny, na itampitisha mtoto kwenye ba be bi bo bu kama walimu wetu wanavyofanya.

Najua baadhi yenu hamtapenda ninalosema sasa: anza na Kiswahili, hata kama ada mnalipa ya Kiingereza. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake ileile siku zote. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti kama 44, hivyo herufi moja hubadilika kila mahali. Mtoto akishagundua katika lugha anayoielewa kwamba herufi ni sauti, ugunduzi huo ataingia nao kwenye Kiingereza.

Majina sasa. Mwaka 2019 Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10 ya shindano la Global Learning XPRIZE, baada ya programu zao za Kiswahili kujaribiwa na watoto wa vijiji vya Tanga, wengi wao hawakuwa shuleni. Anzia hapo. Feed the Monster nayo ina toleo la Kiswahili. Zamu ya Kiingereza ikifika, Khan Academy Kids na Duolingo ABC ni za bure na hazina matangazo.

Matangazo usiyachukulie poa. Mtoto hajui kutofautisha zawadi ya mchezo na kitufe cha kununua. Ukishapakua programu, zima data uifungue tena. Ikigoma, itakumalizia bando.

Nikwambie lililonipata. Mwanangu alikuwa akigusa neno "bata" bila kukosea, nami nikawapigia simu ndugu nikijivuna kwamba anasoma. Siku moja nikaliandika nyuma ya bahasha. Akaliangalia, akaniangalia, akaniuliza, "Mama, picha iko wapi?" Miezi miwili alikuwa akisoma picha, si herufi. Nilijisikia vibaya sana, kwa kuwa muda wote huo sikuwahi kukaa naye. Tangu siku hiyo kila neno alilojifunza kwenye simu tuliliandika jioni mahali pasipo na picha: kwenye karatasi, kwenye mchanga, kwenye vumbi la kioo cha gari la jirani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na muda mfupi zaidi ni bora. Kwa somo hili dakika kumi na tano zinatosha, wewe ukiwa ubavuni, ukirudia sauti pamoja naye. Kama jioni unarudi umechoka, mwombe bibi yake akae naye. Hahitaji kuijua simu, kazi yake ni kumwambia mjukuu, "Hebu niandikie hilo neno hapa chini."