Kumng'oa Mtawala Jirani: Hesabu ya Pande Mbili

Mtu mmoja anawezaje kutiiwa na mamilioni? Kwa mkono wake hawezi. Amri yake hufika kijijini kwa sababu yuko askari anayelipwa, karani anayeandika, hakimu anayehukumu na mtoza ushuru anayejaza hazina. Mfumo huo ndio dola. Walioushika usukani wake ndio utawala. Dola na utawala ni vitu viwili, ingawa huonekana pamoja.

Kwa hiyo, nchi inayofikiria kumng'oa mtawala wa jirani ina maswali mawili. Je, anang'oleka? Na akishang'oka, nani atashika bunduki na hazina?

Tupime kwa Uganda. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tanzania iliyafukuza, ikasonga mbele pamoja na wapiganaji wa Kiganda waliokuwa uhamishoni, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Swali la kwanza likajibika.

La pili liligoma. Jeshi la Amin lilisambaratika, na makundi ya Waganda wa uhamishoni yaliyoungana mjini Moshi, Tanzania, mwezi Machi yalikuwa yameunganishwa na adui tu. Yusuf Lule, aliyemrithi Amin, alitawala siku 68. Godfrey Binaisa, aliyemfuata, aliondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ulimrudisha madarakani rais wa zamani Milton Obote, matokeo yakapingwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni vilivyomfikisha Ikulu Januari 1986.

Basi, heri Amin angeachwa? Hapo ndipo wengi huharibu hesabu: huorodhesha gharama za mabadiliko, kisha upande wa utulivu huandika sifuri. Chini ya Amin watu waliuawa kwa maelfu, Waasia walifukuzwa mwaka 1972, uchumi ukaporomoka. Huo nao uliitwa utulivu.

Kosa la upande wa pili, la kutohesabu gharama za mabadiliko, lilionekana Iraki. Mwaka 2003 Marekani ilimwangusha Saddam Hussein, na mwezi Mei ikalivunja jeshi lake. Utawala ulikwisha kuondoka. Sasa dola nayo ikabomolewa, na wanaume wengi waliojua silaha wakabaki bila mshahara.

Kadiri mtawala anavyoifanya dola kuwa mali yake, ndivyo kumwacha kunavyoumiza na kumwondoa kunavyohatarisha. Anayekuonyesha gharama za upande mmoja pekee, awe mpenda vita au mpenda utulivu, hajapima bado.