Anzia Makumbushoni, Ndipo Ukanunue Ubani

Wageni wengi wakifika Salalah, kusini mwa Oman, hukimbilia soko la Haffa na kuchukua mfuko wa kwanza wa ubani wanaooneshwa. Ushauri wangu: soko liache mwisho. Asubuhi ya kwanza nenda Makumbusho ya Ardhi ya Ubani, yaliyofunguliwa mwaka 2007 kando ya magofu ya Al Baleed, karibu kabisa na bahari. Vaa kofia na ubebe maji, maana magofu ni mapana na kivuli ni haba.

Ndani kuna kumbi mbili, ule wa historia na ule wa ubaharia. Kama umetoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, huo wa pili usiupite mbiombio. Al Baleed ndiyo Zafar ya kale, bandari aliyoshukia msafiri Ibn Battuta baada ya kuondoka Kilwa karibu mwaka 1331. Tazama mifano ya vyombo huku ukikumbuka kwamba mabaharia wa Oman nao walishona mbao za majahazi kwa kamba, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu. Ubani ulikuwa shehena, na shehena hungoja upepo.

Mchana au kesho yake kodi gari uende Wadi Dawkah, kilomita 40 hivi kaskazini mwa mji, nyuma ya milima, ambako mvua ya msimu uitwao khareef haifiki. Huko ndiko miti yenyewe iliko. Ni mifupi, imejikunja, na gome lake la nje hubambuka kama karatasi. Mvunaji hulikwangua gome kwa kisu kifupi kiitwacho manqaf, na papo hapo matone meupe kama maziwa hutokeza. Yale ya mkwaruzo wa kwanza hayana thamani kubwa. Mvunaji hurudi baada ya wiki mbili hivi, akakwangua tena palepale, na mavuno yanayofuata ndiyo mazuri zaidi. Wewe usiguse gome hata kidogo: mti unaokwanguliwa kupita kiasi hudhoofika, na eneo hili limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Sasa uko tayari kwenda sokoni. Uliza ubani wa hojari, ambao ndio unaothaminiwa kuliko wote. Chini yake utatajiwa najdi, shazri na shaabi. Mwombe muuzaji akumiminie kiganjani, usiridhike na kuutazama ndani ya mfuko. Punje nzuri ni kubwa, zinapenya mwanga, nyeupe au zenye ukijani kwa mbali, na harufu yake inakaribia ya ndimu. Ukiona vumbi na vipande vya gome, hilo ni daraja la chini na bei yake ishuke. Tafuna punje moja: kwanza huvunjika kama unga, kisha hushikamana ikawa laini kama ubani wa kutafuna. Kama nia yako ni kufukiza tu, huna haja ya kulipia hojari ya juu kabisa. Daraja la kati linatosha nyumba nzima, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza fedha bure.

Ukifika nyumbani, acha makaa ya chetezo yashike majivu meupe kwanza, ndipo uweke punje moja ndogo. Makaa yakiwa makali mno ubani huungua badala ya kufuka, na harufu nzuri hupotea. Waomani pia huroweka hojari safi usiku kucha katika maji na kuyanywa asubuhi. Mjamzito au mtu anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kujaribu.

Kuhusu wakati wa safari, khareef, kuanzia Juni hadi Septemba, huifanya Salalah kuwa kijani na yenye ukungu, lakini hoteli hujaa na bei hupanda. Anayefuata ubani hasa aende kabla ya hapo, miezi ya joto, wavunaji wakiwa kazini.