Wasiwasi na Dawa Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukurani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba zake.

Ama baad. Alinijia mtu mmoja baada ya sala ya Isha, akangoja hatta watu wakatawanyika, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, je, mimi ni Muislamu bado?" Nikamwuliza amefanya nini. Akasema hakufanya neno, illa humjia moyoni maneno mabaya juu ya Mola wake, na killa akiyafukuza huzidi. Akawa hurejea birikani mara tano, mara sita, na hukariri takbira hatta imamu akarukuu. Mwisho akaiacha sala ya jamaa kabisa. Kwa ajili yake na wenziwe nimeandika somo hili.

Basi jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa ugonjwa huu hauko katika fikira iliyomjia mtu, bali uko katika yale anayoyaitakidi juu ya fikira ile. Naye huitakidi mambo matatu, na yote ni makosa.

La kwanza: kuwa kuwaza ni sawa na kutenda. Sivyo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim ya kuwa Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zao huwazungumzia, maadamu hawakuyatenda wala kuyasema. Na Masahaba walimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa huona nyoyoni mwao mambo yaliyo mazito kwao kuyatamka; akawaambia kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Maana yake ni kule kuyachukia kwao.

La pili: kuwa ni wajibu wake kuulinda moyo lisipite ndani yake neno baya. Hilo hakuna aliwezaye. Mwaka 1978 Rachman na de Silva walionyesha kuwa fikira kama hizi huwajia watu wengi walio wazima. Na mwaka 1987, huko Marekani, Daniel Wegner aliwaamrisha watu wasimfikiri dubu mweupe. Wakashindwa, na walipoachiliwa wakamfikiri zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa.

La tatu: kuwa kukariri huleta yakini. Bali huiondoa. Mwaka 2003, huko Uholanzi, watu walipewa kazi ya kuhakikisha tena na tena kuwa jiko la mfano limezimwa. Kumbukumbu zao hazikuharibika, lakini wakapungukiwa na kuziamini. Nasi tunayo kanuni ya mafakihi: yakini haiondoki kwa shaka. Mwenye wudhuu akishuku kuwa umemtoka, asitoke katika sala hatta asikie sauti au aone harufu. Na kuzidisha juu ya mara tatu katika kuosha viungo ni makuruhu, si uchaji.

Ama dawa yake, aliulizwa Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria. Akajibu kuwa ni kuupuuza wasiwasi moja kwa moja, ijapokuwa nafsi ingali ikisitasita. Wataalamu wa maradhi ya nyoyo wa leo wamefika pale pale: fikira iachwe ipite, wala isijibiwe kwa kitendo, na khofu hupungua yenyewe.

Basi fikira ikikujia, jikinge kwa Mwenyezi Mungu, kisha ikome hapo. Usibishane nayo, wala usiipime imani yako kwayo. Tawadha mara moja. Hirimia sala mara moja. Na ukizidiwa, nenda kwa tabibu; si aibu, kwani tumeamrishwa kujitibu.

Mtu yule nilimwagiza hayo, hatta moyo ukimpapa. Siku za mwanzo zilikuwa nzito mno kwake. Sasa husimama safuni pamoja na wenziwe. Fikira zingali humpitia, lakini hazimtoi msikitini.

Wabillahi ttawfiq.