MGENI ANAYEOMBA: TUMPE AU TUMUULIZE?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Jambo la leo unalijua, kwa sababu unalikuta karibu kila wiki. Imamu ametoa salamu, watu bado wako katika uradi, mara mtu anasimama safu ya nyuma. Hakuna anayemjua. Anasema: "Baba zangu, wakubwa zangu, mimi ni msafiri. Natoka Kasongo, nilikuwa nakwenda Uvira kwa matanga ya kaka yangu, njiani wenye silaha wamenipokonya kila kitu. Nimelala njaa siku mbili." Wengine wanatia mkono mfukoni, wengine wanainama kutafuta viatu. Na ukitoka nje unasikia maneno ya mlangoni: "Huyo mwezi uliopita alikuwa Goma, akisema mama yake ndiye aliyekufa."

Je, ulipaswa kumpa? Ulipaswa kumuuliza kwanza? Na kama ulimpa naye ni muongo, sadaka yako imekwenda wapi?

Tuanze na hili swali la mwisho, maana ndilo jepesi. Katika Bukhari na Muslim, Abu Huraira (r.a.) amepokea kisa cha mtu aliyetoka usiku na sadaka yake, ikaangukia mkononi mwa mwizi. Asubuhi watu wakalisema jambo hilo mjini. Usiku mwingine akatoka tena, ikaangukia kwa mwanamke mzinifu. Mara ya tatu ikaangukia kwa tajiri. Kila mara yeye alimshukuru Mola wake. Kisha akajulishwa kwamba huenda yule mwizi ataacha wizi, yule mwanamke ataacha uzinifu, na yule tajiri atazinduka aanze kutoa katika alichopewa. Kwa hiyo usirudi nyumbani ukalia kwamba franka zako 500 zimepotea. Hazikupotea. Aliyedanganya atajibu yeye, na wewe una nia yako.

Lakini tazama vizuri, ndugu yangu. Mtu yule alitoa mali yake mwenyewe, tena alitoa bila kujua. Hakushika feza ya yatima, wala sanduku la msikiti, wala zaka ya watu. Hapo ndipo wengi wetu tunachanganya. Mtu anasema "mimi natoa kwa ajili ya Mungu, siulizi", kumbe anachotoa si chake. Zaka ina wenyewe. Mwenyezi Mungu amewataja katika Suratut-Tawba, aya ya 60, makundi manane, na msafiri aliyekatikiwa ni mmoja wao. Wanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamekaza sana: kauli yenye nguvu kwao ni kwamba mwenye mali akimpa tajiri zaka yake kwa kudhani ni masikini, zaka hiyo haijatoka, inambidi atoe tena. Abu Hanifa amelegeza kwa yule aliyejitahidi kuchunguza. Ona basi, hata aliyelegeza ametaka uchunguzi.

Sasa uchunguzi wenyewe ni upi? Hapa tuna hadithi ya Qabisa bin Mukhariq al-Hilali (r.a.), iliyo katika Sahihi Muslim, na ningetamani kila kamati ya msikiti iisome. Qabisa alikuwa amejitwika deni la kupatanisha watu, akaja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume akamwambia akae mpaka sadaka ifike, kisha akamfundisha kwamba kuomba hakuwi halali ila kwa watu watatu. Wa kwanza ni aliyebeba deni la namna hiyo, mpaka alimalize. Wa pili ni aliyepatwa na msiba uliofagia mali yake, mpaka apate cha kumsimamisha. Wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, mpaka wasimame watu watatu wenye akili katika jamaa zake washuhudie kwamba kweli fulani amefilisika. Zaidi ya hao, anachokula muombaji ni haramu.

Watu watatu, wenye akili, katika jamaa zake. Mtu atasema: "Sheikh, mkimbizi wa vita atawatoa wapi watu watatu? Kijiji chake kimechomwa, jamaa zake wametawanyika." Swali hili ni la haki, na Imamu Nawawi ametusaidia katika kuisherehesha hadithi hii. Amesema ushahidi unatakiwa kwa mtu aliyejulikana kuwa na mali, kisha akadai imekwisha. Asiyejulikana kuwa na mali, neno lake la kwamba hana kitu linakubaliwa. Hekima yake iko wazi. Mwenye shati moja mwilini hahitaji kukuletea shahidi kwamba hana shati la pili. Lakini anayesema "nilikuwa mfanyabiashara, nilikuwa na bidhaa za dola elfu tatu, zimezama, nisaidieni nianze tena", huyo amejitaja mwenyewe kuwa alikuwa tajiri. Huyo ana wa kumshuhudia, na kuulizwa si kumdharau.

Tuchukue mfano. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku pale Goma, watu wengi wakafa. Ni msiba wa kweli, hakuna anayeubishia. Akija mtu akasema alipoteza bidhaa zake ndani ya boti ile, wewe usibishane naye juu ya boti. Muulize kwa upole: bidhaa ulinunua soko gani? Ulikuwa unauza meza ya jirani na nani? Nani alikupakilia? Mfanyabiashara wa kweli atakutajia majina kumi kabla hujamaliza, na pengine atalia. Aliyesikia habari katika redio atakurudisha kwenye boti tu, maana ndiyo anayoijua.

Vivyo hivyo mafuriko ya Kalehe. Maji yalishuka Bushushu na Nyamukubi tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, na Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Walikufa watu zaidi ya 400. Aliyekuwa pale hawezi kusahau kwamba ilikuwa siku ya soko. Hata hivyo, ndugu yangu, usimfanyie mtu aliyezika watoto wake mtihani kama wa darasani. Wako watu ambao msiba umewafunga ulimi, hawawezi kupanga kisa, wanachanganya siku na majina. Muongo ndiye anayesimulia sawasawa kila mara, kwa sababu amezoea. Kwa hiyo kisa kizuri si dalili ya ukweli, na kisa kibovu si dalili ya uongo. Waulize wengine waliotoka naye kule. Hao ndio jamaa zake sasa, na watatu kati yao wanatosha.

Kwa msafiri wetu wa Kasongo kazi ni nyepesi zaidi. Sisi Waislamu wa nchi hii si wengi, tunajuana. Anayesema anatoka msikiti wa Kasongo au wa Kindu, imamu wake ana simu. Zamani ushahidi wa watu watatu ungehitaji mwezi mzima wa barua. Leo unahitaji uniti kidogo. Ila namba ya imamu itafute wewe mwenyewe, usipige ile anayokupa muombaji. Wapo waliopiga wakajibiwa na "sheikh" mwenye sauti nzito aliyekuwa amekaa mtaa wa pili. Na wakati simu inatafutwa, mgeni ale. Chakula hakingoji ushahidi.

Neno hilo la chakula nataka tukae nalo. Jarir bin Abdillah (r.a.) anasimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba asubuhi moja walifika Madina watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, wamejifunika nguo za sufi zilizotobolewa shingoni. Mtume (s.a.w.) alipouona ufukara wao uso wake ulibadilika. Akaingia ndani, akatoka, akamwamrisha Bilal aadhini, akaswalisha, kisha akawahutubia watu watoe, mwenye dinari, mwenye dirhamu, mwenye nguo, mwenye tende, hata nusu ya tende. Mtu mmoja katika Ansari akaja na mfuko ambao mkono wake ulikuwa unashindwa kuubeba. Watu wakafuatana, mpaka zikaonekana marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa.

Katika kisa hicho hatusikii kwamba watu wa Mudhar waliulizwa lolote. Haja yao ilionekana kwa macho. Basi ndugu, haja unayoiona kwa macho yako, ikimbilie. Haja unayosimuliwa, ambayo inataka feza nyingi, itembelee kwa miguu yako.

Nasema kwa miguu, kwa sababu hiyo ndiyo dawa ninayoijua kwa kile kisa cha fakitire ya hospitali. Kila mtu hapa Bukavu anajua kwamba mama aliyezaa kwa kupasuliwa anaweza kuzuiliwa hospitalini siku nyingi kwa kukosa kulipa. Basi anakuja mtu na ordonansi mkononi, imekunjwa mara nne, anaomba dola ishirini. Usimpe dola ishirini, wala usimfukuze. Mwambie: "Twende, baba." Kama ni dawa, ingieni famasi pamoja, ulipe, achukue dawa. Kama ni fakitire, fika mahali pa kulipia, ulipe kwa jina la mgonjwa, uombe karatasi, kisha umwone mgonjwa umpe pole, upate na thawabu ya kumtembelea mgonjwa. Mwenye shida ya kweli atatembea mbele yako kwa haraka mpaka umshindwe. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba kwanza anakwenda kumwita shangazi yake. Mwache aende. Tena tazama tarehe ya karatasi, maana ziko ordonansi zinazotembea mjini mwaka mzima.

Na ile sauti ya simu inayosema "Baba mdogo, ni mimi, nimekamatwa mpakani, tuma feza kwa namba hii", kata. Piga namba ya mtoto uliyokuwa nayo siku zote, au mpigie mama yake.

Baada ya maneno haya yote naogopa jambo moja. Naogopa mtu atoke hapa na karatasi hii mfukoni kama kibali cha ubakhili. Kila akiombwa atasema "nachunguza", na hatachunguza kitu. Suratudh-Dhuha, aya ya 10, imemkataza Mtume mwenyewe asimkemee anayeomba, na haikusema anayeomba kwa haki tu. Kama huna, au humwamini, mwambie neno jema na umsamehe. Suratul-Baqara, aya ya 263, imeliweka neno jema juu ya sadaka inayofuatwa na maudhi. Mwenye kuomba kipande cha muhogo hadaiwi mashahidi watatu. Wala maibobo wa pale sokoni hadaiwi hadithi ya baba yake kabla hujampa mkate, mpe mkate. Kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa, na kadiri mali inavyokuwa ya wengine, ndivyo maswali yanavyoongezeka.

Tena kuna hasara nyingine, kubwa kuliko kudanganywa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba masikini wa kweli si yule anayezunguka akirudishwa na tonge moja au mbili, bali ni yule asiyekuwa na cha kumtosha, wala hatambulikani apewe, wala hasimami kuomba. Na Suratul-Baqara, aya ya 273, inawataja wale ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Hao hawasimami safu ya nyuma. Vita ilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, benki zikafungwa, mwalimu aliyezoea kupokea mshahara wake benki alibaki anavaa shati lake lililopigwa pasi, anakusalimia vizuri njiani, na nyumbani kwake moto haujawashwa. Kila franka inayochukuliwa na msimulizi hodari katika sanduku letu inatoka katika fungu la mtu huyo. Kwa hiyo kamati isikae mezani kungoja visa. Ipite kila avenii, iwaulize wamama, maana wao wanajua ni nyumba gani haikutuma mtoto sokoni.

Limebaki swali moja ambalo vijana wameuliza: tukimgundua muombaji kuwa ni muongo, tumfanye nini? Katika Hija ya kuaga, watu wawili walimwendea Mtume (s.a.w.) naye anagawa sadaka, wakamwomba. Akawatazama juu mpaka chini, akaona ni wenye nguvu. Akawaambia kwamba wakitaka atawapa, lakini sadaka hiyo haina fungu la tajiri wala la mwenye nguvu anayeweza kuchuma. Wamepokea Abu Daud na Nasai. Hakuwataja mbele ya watu, hakuwaitia vijana.

Nyinyi mnaujua mji wetu. Mtu akiitwa mwizi kwa sauti kubwa mlangoni, kwenye mkusanyiko, anaweza asifike mwisho wa barabara, na damu yake itakuwa juu ya aliyepiga kelele, kwa ajili ya franka 500. Kwa hiyo mikrofoni isitumike. Imamu na mzee mmoja wamchukue pembeni, wamweleze yale tuliyoyaeleza hapa, wamuulize kama kuna kazi anayoiweza, kisha atoke kwa mlango wa upande baada ya watu kutawanyika. Jina lake liandikwe katika daftari la kamati, ili imamu wa msikiti mwingine akipiga simu kuuliza apate jibu la kweli.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.