Somo la Madereva: Gari Limezimika Njiani na Halitaki Kuwaka

Ndugu madereva, makonda na wafanyakazi wa garaji,

Katika mikutano yetu ya Buyenzi lipo shauri moja linalorudi mara kwa mara. Gari la zamani linazimika njiani, halitaki kuwaka tena, na mwisho wa mwezi dereva anakatwa mshahara kwa vifaa vilivyobadilishwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo somo letu la leo lina sehemu mbili. Kwanza tutajifunza jinsi ya kutafuta ubovu kwa utaratibu. Pili tutaona jinsi utaratibu huo unavyolinda mshahara wetu.

Somo hili ni la magari ya petroli yenye kabureta na platini, kama Peugeot 504 na Toyota Corolla za miaka ya 1970 na 1980. Magari ya siku hizi yanayoongozwa na kompyuta yana njia nyingine za kupimwa, nasi tusiyajaribu kwa njia hii.

YALIYOMPATA MWENZETU

Mwaka 2009 mwenzetu mmoja aliendesha Corolla ya kabureta kati ya Bujumbura na Kayanza. Wote tunaifahamu barabara hiyo. Kutoka ziwani hadi Bugarama gari linapanda kutoka mita 770 na kitu mpaka zaidi ya mita 2,000, katika mwendo usiofika kilomita 40. Gari likiwa na abiria na mizigo, injini inachemka sana.

Gari la mwenzetu lilizimika katika mlima ule mara tatu kwa mwezi mmoja. Kila mara alingoja nusu saa, likapoa, likawaka, akaendelea na safari. Mwenye gari alisema dereva anauza petroli na kujaza mafuta ya taa. Akaweka pampu mpya, akamkata dereva fedha yake. Gari likazimika tena. Kabureta ikafunguliwa na kusafishwa, dereva akakatwa tena. Gari likazimika mara ya tatu.

Ndipo alipokwenda kwa fundi mmoja mzee wa Buyenzi. Mzee akamwuliza, "Mwanangu, gari lilipozimika, ulitazama moto wa buji?"

Akajibu, "Hapana, mzee. Niliacha lipoe."

Mzee akamwambia, "Basi wewe unangoja ugonjwa uondoke ndipo umwite mganga."

Ndugu, maneno hayo ndiyo somo zima. Ubovu unaokuja na joto huondoka na joto. Ukifika garajini gari limekwisha kupoa, fundi haoni kitu, naye anabahatisha. Mtu anayeweza kuuona ubovu ni dereva, pale pale njiani, katika dakika kumi za kwanza.

KABLA YA KUFUNGUA BONETI

Toa gari barabarani. Vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu, weka alama ya hatari mbali nyuma ya gari, na shusha abiria upande usio na magari. Katika kona za Bugarama malori yanashuka kwa kasi, na vijana wa baiskeli wenye mizigo ya ndizi na makaa hawawezi kusimama ghafla.

Kisha jiulize: gari limezimika vipi? Kama limezimika ghafla kama taa iliyozimwa, shuku umeme kwanza. Kama limekohoa, likakosa nguvu kidogo kidogo ndipo likazimika, shuku petroli kwanza. Dalili hizi husaidia, lakini si ushahidi. Ushahidi hupatikana kwa kupima.

Tazama pia mshale wa joto. Kama maji yamechemka, ngoja. Usifungue kifuniko cha rejeta, wala usimwagie injini maji baridi.

HATUA YA KWANZA: STATA

Washa. Kama stata haizunguki, tazama vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota ukungu. Kama stata inazunguka upesi na kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile injini haina uzito, mkanda au mnyororo wa taimingi huenda umekatika. Hapo acha, gari livutwe. Kama inazunguka kama kawaida lakini injini haiwaki, endelea.

HATUA YA PILI: CHECHE

Hatua hii ifanywe mara moja, injini ikiwa bado ya moto. Uwe na buji moja ya akiba katika sanduku lako la vifaa. Chomoa waya mmoja wa buji, ingiza ile buji ya akiba katika waya huo, na ilaze ili chuma chake kigusane vizuri na chuma cha injini, mbali na kabureta na mipira ya petroli. Usiishike kwa mkono. Umeme wa hapo unaweza kupita volti 10,000, nao hukurusha. Mwambie konda awashe.

Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu na kusikia inaalika, umeme wa buji upo. Nenda hatua ya tatu. Kama hakuna cheche, au ni hafifu ya manjano, fuata njia ya umeme kwa kurudi nyuma:

1. Chomoa waya wa katikati unaotoka kwenye bobini (wengine husema koili) kwenda kwenye distribyuta. Weka ncha yake kiasi cha milimita 5 kutoka kwenye chuma cha injini, ukiishika kwa koleo lenye mpira mzima, na konda awashe. Kama cheche nzuri inatoka hapa lakini kwenye buji haifiki, ubovu uko katika rota, kifuniko cha distribyuta au nyaya za buji. Tazama nyufa, unyevu na masizi.

2. Kama hapa pia hakuna cheche, chukua taa ndogo ya kupimia. Funga waya wake mmoja kwenye chuma cha gari, na kwa waya wa pili gusa upande wa bobini unaopokea umeme kutoka kwenye swichi, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Taa isipowaka, umeme haufiki. Tazama fyuzi, swichi na nyaya.

3. Taa ikiwaka, hamisha waya huo kwenye upande wa bobini unaokwenda kwenye platini, na konda azungushe stata. Hapa kuna majibu matatu. Taa ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, platini inafanya kazi. Shuku bobini au kondensa. Taa ikiwaka bila kuzima, platini haigusani, au ni chafu, au waya wake umekatika. Taa isipowaka kabisa, platini haiachani, au waya wake au kondensa inagusana na chuma, au bobini imekatika ndani.

Nafasi ya platini katika magari mengi ya aina hii ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachosema sawasawa.

HATUA YA TATU: PETROLI

Hakuna kuvuta sigara, wala taa ya moto. Ondoa kifuniko cha filta ya hewa. Stata ikiwa imezimwa, tazama ndani ya mdomo wa kabureta, na sukuma kwa mkono ule mkono wa kabureta unaovutwa na pedeli ya mafuta. Ukiona petroli inaruka kama mkojo wa mtoto, kabureta ina petroli. Usiweke uso juu ya kabureta wakati konda anawasha, maana moto unaweza kurudi.

Kama hakuna kinachoruka, kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa kuingia, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Acha kifuniko kimelegea kidogo, kisha jaribu tena.

Kama bado, chomoa waya wa katikati wa bobini kutoka kwenye distribyuta na uufunge kwenye chuma cha injini, ili pasiwe na cheche. Kisha chomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, konda azungushe stata. Petroli ikija kwa kusukumwa vizuri, pampu ni nzima na ubovu uko katika kabureta, mara nyingi uchafu katika sindano yake. Isipokuja, ubovu uko katika filta, mpira uliopasuka, pampu, au mvuke.

Mvuke ni nini? Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka katika joto la nyuzi 40 hivi. Pampu iliyofungwa kwenye injini ya moto huvuta petroli, na palipo na mvuto petroli huchemka upesi zaidi. Mlimani hewa nayo ni nyepesi, ikazidisha jambo hilo. Pampu inajaa mvuke badala ya petroli, nayo haiwezi kuusukuma mvuke. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba lake, kisha kulikinga bomba hilo lisikae karibu na ekzosi.

Tazama pia petroli iliyomo katika chupa. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini na mstari huonekana. Tangu uhaba wa petroli ulioanza kutubana sana kuanzia mwaka 2021, wengi wetu tumejaza kwa madumu ya vichochoroni, na maji na uchafu si jambo geni. Ukitaka kujua kama imechanganywa na mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi safi. Petroli hukauka upesi. Mafuta ya taa huacha doa.

Na kama buji zimelowa petroli na harufu imejaa, injini imekunywa kupita kiasi. Kanyaga pedeli mpaka mwisho bila kuipampu, kisha washa.

MAGONJWA MAWILI YENYE DALILI MOJA

Sasa turudi kwa mwenzetu. Gari linalozimika likiwa la moto na kuwaka likipoa linaweza kuwa na mvuke katika pampu. Lakini bobini iliyochoka nayo hufanya hivyo hivyo: waya wa ndani hupata joto, umeme unakatika au unavuja, ikipoa inarudi. Kondensa pia inaweza kufanya hivyo. Ukitazama kwa nje huwezi kuyatenganisha magonjwa haya. Hata kugusa bobini hakutoshi, kwa kuwa bobini nzima pia huwa ya moto. Kinachotenganisha ni kipimo kimoja: cheche ipo au haipo wakati gari limekataa.

Mwenzetu alipanda tena na buji ya akiba, taa ya kupimia, na bobini na kondensa za kuazima. Gari lilipozimika, hakungoja. Petroli iliruka katika kabureta. Cheche hakuna. Taa iliwaka na kuzima upande wa platini. Akaweka kondensa ya kuazima, bado hakuna cheche. Akafunga bobini ya kuazima, na gari likawaka papo hapo, injini ikiwa bado ya moto. Pampu ilikuwa haina kosa. Kabureta ilikuwa haina kosa. Na dereva hakuwa mwizi.

DAFTARI NI SHAHIDI

Tulikaa na mwenye gari. Fedha ya pampu aliirudisha, kwa sababu pampu ya zamani ilikuwapo bado, tukaifunga mbele yake nayo ikafanya kazi. Fedha ya kabureta haikurudi mpaka leo. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na kifaa cha zamani, na fundi aliyeisafisha alisema hakumbuki. Sisi pia tulikosea, maana tulikuwa hatujawafundisha wanachama kuandika.

Kwa hiyo kila dereva awe na daftari ndani ya gari, aandike: tarehe, mahali, gari lilikuwa la moto au la baridi, limezimika ghafla au kwa kukohoa, cheche ipo au haipo, petroli inafika au haifiki, limefanywa nini likawaka. Konda atie sahihi. Kifaa kikibadilishwa, cha zamani kitunzwe mpaka gari lithibitike kupona.

Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8, unasema mshahara hukatwa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya mwenye gari haimo katika orodha hiyo. Ukikatwa, usigombane naye peke yako barabarani. Leta daftari kwenye tawi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini tusingoje gari lipoe kabla ya kupima cheche?
2. Cheche inatoka kwenye bobini lakini haifiki kwenye buji. Tutazame wapi?
3. Taa ya kupimia inawaka bila kuzima upande wa platini. Maana yake nini?
4. Tutatenganishaje mvuke wa petroli na bobini iliyochoka?
5. Ni wangapi katika tawi letu wamekatwa mshahara kwa kifaa ambacho hakikuwa kibovu? Waandike majina yao na tarehe, ili tawi lianze kufuatilia haki zao.

Umoja ni nguvu.