Somo la Jiografia na Tarehe: Kupanda Ngome ya Raigad

Katika Bara Hindi, upande wa magharibi, iko safu ya milima iitwayo Sahyadri, inayokwenda sambamba na pwani. Juu ya vilele vyake vingi zimejengwa ngome za kale. Leo tutaipanda moja, yaani Raigad, ili tuone jinsi mlima wenyewe ulivyofanywa boma, na jinsi boma hilo lilivyoshindwa.

Chini ya mlima kiko kijiji cha Pachad, lilipo kaburi la Jijabai, mama yake mfalme Shivaji. Kilele kina kimo cha mita 820 hivi juu ya bahari, na vidato vya ngazi ya mawe vyapita 1,700. Siku hizi kiko chombo kinachovutwa kwa kamba ya chuma kupandisha wageni, lakini atakaye kuielewa ngome na apande kwa miguu. Yampasa aondoke alfajiri, achukue maji ya kutosha, na avae viatu visivyoteleza. Miezi ya Juni hata Septemba ina hatari. Upepo wa Kusi, ule ule uliopeleka majahazi ya pwani yetu Bara Hindi, huko huleta mvua kubwa, na ukungu hufunika njia.

Ukipanda, litazame lango kuu. Halionekani kwa mbali, kwa kuwa limefichwa baina ya minara miwili, na njia yake imepinda, adui asipate kuukimbilia mlango kwa nguvu. Kisha yatazame mabirika, na ziwa dogo liitwalo Ganga Sagar. Maji ya mvua yaliwekwa humo kwa ajili ya kiangazi, maana ngome isiyo na maji huanguka hata kuta zake zikiwa nzima.

Shivaji aliutwaa mlima huo mwaka 1656, ulipokuwa ukiitwa Rairi. Tarehe 6 Juni 1674 alitawazwa hapo kuwa mfalme wa Wamaratha, na hapo hapo akafariki mwaka 1680.

Wenyeji husimulia habari za Hirkani, mwanamke muuza maziwa. Siku moja jua lilikuchwa, lango likafungwa, naye mtoto wake mchanga yuko nyumbani chini ya mlima. Walinzi wakakataa kumfungulia. Basi akateremka gizani penye jabali ambalo hapana aliyedhani kuwa mtu aweza kulishuka. Mfalme alipopata habari hakumwadhibu, bali alimtunza. Kisha akaamuru ukuta ujengwe mahali pale, maana alipopita mama, adui naye aweza kupita. Mnara ulioko hapo huitwa kwa jina la Hirkani hata leo.

Walakini ngome haikusalimika daima. Mwaka 1689 ilitwaliwa na majeshi ya dola ya Moghul, na mwaka 1818 Waingereza waliipiga kwa mizinga, majumba yakaungua. Jabali lilizuia miguu ya watu, lakini halikuzuia mizinga. Mwaka 2025 UNESCO iliitia Raigad, pamoja na ngome nyingine 11 za Wamaratha, katika orodha ya urithi wa dunia.

Maswali kwa wanafunzi:
1. Kwa nini njia ya lango ilipindishwa?
2. Mfalme alijifunza nini kwa Hirkani, na kwa nini hakumwadhibu?
3. Katika kijiji chako, ni mahali gani mnapodhani ni salama ila hapajachunguzwa?