Jina lisilojulikana kwenye taarifa ya kadi: mfanyabiashara asome vipi ada za programu

MFANYABIASHARA wa dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, jijini Mwanza, kwa kawaida hupoteza fedha chache sana bila kujua zimekwenda wapi. Anajua idadi ya magunia yaliyoingia kutoka visiwani, ushuru wa soko, ujira wa wapakiaji na nauli ya lori. Lakini mtu huyo huyo anaweza kufungua taarifa ya kadi yake ya benki mwisho wa mwezi akakuta mstari mmoja asioweza kuueleza: PADDLE.NET, herufi chache baada ya hapo, kiasi cha dola, na pembeni kiasi cha shilingi. Hakumbuki kununua kitu kwa mtu yeyote wa jina hilo.

Hapo wengi hufanya moja ya makosa mawili. Wa kwanza huona kiasi ni kidogo, akapuuza, na makato yakaendelea mwaka mzima. Wa pili hukimbilia benki akaomba kadi ifungwe siku hiyo hiyo, kisha wiki inayofuata akagundua kuwa amejifungia mwenyewe programu inayotunza mahesabu yake. Makosa yote mawili huigusa mifuko ya watu wa Kanda ya Ziwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa kadi nyingi hapa ni za akaunti ya kawaida. Fedha inayokatwa si mkopo wa benki utakaolipwa baadaye, bali ni fedha ya mwenye akaunti, ile ile iliyokuwa inasubiri kununulia mzigo wa kesho.

Jina ni la mkusanyaji

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba jina linaloonekana kwenye taarifa ya kadi mara nyingi si jina la programu. Ni jina la aliyekusanya malipo.

Kampuni ndogo inayotengeneza programu ya kuhariri picha au ya kutunza stoo haina ofisi ya kodi katika kila nchi. Kwa hiyo huuza kupitia kampuni nyingine ambayo kisheria ndiyo muuzaji: inapokea malipo ya kadi, inatoza kodi, inakata ada yake na kumpelekea mtengenezaji kinachobaki. Paddle ya London ni mojawapo. FastSpring ya Marekani ni nyingine, na malipo yake huweza kuonekana kwa herufi FS. Malipo yaliyopita 2Checkout huonekana kwa kifupi 2CO. Yaliyopita PayPal huanza na neno PAYPAL na nyota, kisha jina la muuzaji.

Makampuni makubwa nayo yana mtindo wake. Programu iliyolipiwa kupitia duka la Google huandikwa GOOGLE, nyota, kisha jina la programu au la mtengenezaji. Apple huandika APPLE.COM/BILL, na mstari huo mmoja unaweza kubeba programu mbili au tatu kwa pamoja. Microsoft hutumia pia kifupi MSFT.

Kinachozidisha utata ni ufinyu wa nafasi. Kwa mfano, Stripe, mojawapo ya kampuni kubwa za kupitisha malipo duniani, huruhusu herufi zisizozidi 22. Jina refu hukatwa katikati, na msomaji wa Mwanza hubaki na kipande kisicho na maana.

Kwa nini kiasi hakilingani

Mara nyingine jina linafahamika, ila kiasi ndicho kinachotia shaka. Chukulia programu ya mahesabu iliyotangazwa kwa dola 20 kwa mwezi. Kwa kiwango cha mfano cha Sh. 2,500 kwa dola, mfanyabiashara anategemea makato ya Sh. 50,000. Taarifa inaonyesha zaidi ya Sh. 60,000. Je, ameibiwa?

Si lazima. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka utaratibu wa wauzaji wa huduma za kidijitali walioko nje ya nchi kujisajili na kulipa kodi ya ongezeko la thamani Tanzania. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, dola 20 zinakuwa dola 23.60, yaani Sh. 59,000. Benki nayo inaweza kutoza ada ya muamala wa fedha za kigeni. Ikiwa ada hiyo ni asilimia 3, tena kwa mfano tu, Sh. 1,770 zinaongezeka na jumla inafika Sh. 60,770. Kwa miezi 12 hizo ni Sh. 729,240. Ada ambayo mwenye kadi aliiona ndogo imegeuka mtaji wa kuanzia wa mama mwenye meza ya dagaa.

Upo pia mchezo wa thamani ya shilingi. Mwaka 2024 dola moja iliwahi kupita Sh. 2,700, kisha ikashuka chini ya Sh. 2,500 kabla mwaka haujaisha. Katika mfano huu, kiwango kikipanda kutoka 2,500 hadi 2,700, makato yanafika takriban Sh. 65,630 ingawa muuzaji hajapandisha bei hata senti moja. Ndiyo maana ni muhimu kulinganisha kiasi cha dola cha mwezi huu na cha mwezi uliopita kabla ya kulinganisha shilingi. Dola zikiwa zile zile, tatizo liko kwenye kiwango au ada ya benki. Dola zikiwa zimebadilika, muuzaji au kodi ndiyo iliyobadilika.

Tarehe nazo ni mbili: siku ya muamala na siku benki ilipouingiza kwenye akaunti. Siku hizo zinaweza kupishana, na kiwango cha dola kinaweza kupishana nazo.

Mkataba uliosahaulika

Ada nyingi zisizofahamika si wizi. Ni mkataba ambao mwenye kadi aliukubali akausahau. Alijaribu programu bure kwa siku chache, akaingiza namba ya kadi kama sharti la kujaribu, na muda ulipokwisha malipo yakaanza. Au alinunua kinga ya virusi kwa mwaka mmoja, na miezi 12 baadaye ikajihuisha yenyewe. Au kijana wa ofisini aliyekuwa akitengeneza matangazo alitumia kadi ya bosi, akaacha kazi, na ada ikabaki.

Visa iliweka masharti mwaka 2020 kwa wauzaji wanaotoa majaribio ya bure: wapate kibali cha wazi cha mteja, wamkumbushe kabla ya kuanza kukata, na wampe njia rahisi ya kufuta mtandaoni. Lakini ukumbusho huja kwa barua pepe, na barua pepe isiyofunguliwa haimlindi mtu.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie hapo. Mwenye kadi atafute katika barua pepe zake zote, hata ile ya zamani, jina lile la kwenye taarifa, kiasi cha dola na tarehe ya makato. Afungue orodha ya malipo ya kujirudia ndani ya duka la programu la simu yake. Awaulize mke au mume, watoto na wafanyakazi wenye kuijua kadi hiyo. Baadhi ya wakusanyaji, Paddle ikiwa mmojawapo, wana ukurasa ambako mteja hutafuta ununuzi wake.

Kufunga kadi si kufuta mkataba

Likishajulikana ni ada ya nini, ifutwe kule ilikoanzia. Hapa ndipo wengi hukosea. Kuifuta programu kwenye simu hakufuti malipo yake katika duka la Google wala la Apple.

Kubadilisha kadi nako si dawa ya uhakika. Mitandao ya Visa na Mastercard ina huduma ya kuwapa wauzaji namba mpya ya kadi au tarehe mpya ya kwisha pale benki inaposhiriki katika huduma hiyo, ili malipo ya kujirudia yasikatike. Mtu anaweza kupata kadi mpya na kuiona ada ile ile ikimfuata.

Aidha, kabla ya kufuta programu ya mahesabu au ya kutunza nyaraka, mwenye biashara atoe kwanza nakala ya kumbukumbu zake. Muuzaji aliyefungiwa malipo anaweza kufunga akaunti, na madeni ya wateja yaliyoandikwa humo yakawa hayaonekani. Akishafuta, atunze uthibitisho wenye tarehe. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake ikiwa ada itakatwa tena.

Pale ambapo ni wizi kweli

Kama hakuna barua pepe, hakuna mtu nyumbani au ofisini anayeijua ada hiyo, na mkusanyaji hana kumbukumbu ya mwenye kadi, hapo mambo ni tofauti. Kiasi kidogo kisichukuliwe kuwa salama. Wezi hupenda kujaribu kadi kwa makato madogo kabla ya kukata makubwa. Kadi ifungwe siku hiyo na malalamiko yapelekwe benki kwa maandishi. Kwa jumla, kanuni za Visa na Mastercard hutoa siku 120 kwa madai mengi ya aina hii, lakini benki inaweza kumtaka mteja awahi zaidi. Kusubiri msimu wa samaki upite ni kujinyima haki.

Benki isiporidhisha, mteja anaweza kufikisha lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mwanza na ilitungiwa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Ni lazima aanzie kwa benki yake, na awe na nakala ya alichoandika.

Tahadhari mbili. Mstari unaosomeka GOOGLE TEMPORARY HOLD ni kizuizi cha muda cha kuhakiki kadi, nao huondolewa. Na barua pepe inayodai kwamba mtu amelipishwa dola mamia kwa programu, apige simu namba fulani ili arudishiwe, ni mtego wa siku nyingi. Makato ya kweli huonekana kwenye taarifa ya benki. Yasipoonekana huko, simu isipigwe, na namba ya siri asipewe mtu.

Kadi ya programu peke yake

Njia rahisi ya kuepuka mkanganyiko huu ni kutenga kadi moja kwa ajili ya programu tu, ikiwa na kiasi kinachotosha ada za mwezi. Kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pochi za simu hufaa kwa kazi hiyo, kwani hazigusi akaunti ya mtaji.

Kisha ukurasa mmoja wa daftari: jina la programu, jina linaloonekana kwenye taarifa, kiasi kwa dola, tarehe ya kukatwa, na nani anaitumia. Ankara ziombwe kwa jina la biashara na zitunzwe, maana mstari wa benki haumwambii mkaguzi kilichonunuliwa. Ukurasa huo ukaguliwe kila mwezi, kama magunia yanavyohesabiwa kila alfajiri pale Mwaloni. Wahenga hawakuijua kadi ya benki, lakini walilimaliza somo hili mapema: mali bila daftari huisha bila habari.